Kriketi na Ukweli wa Ardhi

Mchezo wa kriketi una jambo moja lisilopatikana katika kandanda: ndani yake ardhi nayo hucheza. Katika kandanda kiwanja kibovu huwataabisha watu ishirini na wawili kwa namna moja, nao hunung'unika pamoja na kuendelea. Katika kriketi mrushaji huupiga mpira chini kwa makusudi, hatua chache mbele ya mpigaji, ili udongo uurudishe juu kwa namna itakayomshinda. Kila mpira, basi, una wazazi wawili, mkono na udongo. Mtu atakaye kuuhakiki mchezo huu kama ahakikivyo tamthilia hana budi kuanza chini, miguuni pa wachezaji.

Naanza hivyo kwa kuwa hukumu isikikayo mara nyingi juu ya kriketi ya leo huanzia mahali pengine kabisa. Husemwa kwamba mchezo umeingiliwa na woga. Wapigaji wa zamani, twaambiwa, walisimama vichwa wazi mbele ya warushaji wakali, juu ya ardhi yo yote waliyoikuta, wala hawakulalamika. Wa leo hujifunika helmeti. Miguu, mikono na vifua vyao vimefungwa mito. Kiwanja chao hufunikwa mvua inyeshapo kama mtoto mchanga. Na mmoja akigongwa kichwani mwenziwe huruhusiwa kuingia mahali pake. Hukumu hii ni tamu masikioni, maana kila kizazi hupenda kusikia kwamba babu zake walikuwa mashujaa. Nia yangu ni kuipima. Hata kwetu, kati ya Likoni na Vanga, ambako kandanda ndiyo mfalme na wengi hawajapata kushika gongo la kriketi, jambo hili si la mbali. Mchezo umekaa ng'ambo tu ya kivuko, katika Mombasa Sports Club, ambayo kiwanja chake kilipokea mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2006 na mwaka 2007. Shule itakayotaka kuuvusha maji na kuuleta Diani au Msambweni itakutana na swali la udongo siku ya kwanza, kabla haijanunua gongo.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo maneno machache yatatosha. Katikati ya kiwanja kipana kuna ukanda mwembamba uliosawazishwa, nao huitwa pichi. Urefu wake kutoka wiketi hadi wiketi ni mita 20.12, na upana wake ni mita 3.05. Wiketi ni vijiti vitatu vilivyosimikwa wima. Mrushaji hutaka kuviangusha, au kumfanya mpigaji akosee na mpira wake udakwe hewani. Mpira wenyewe umeshonwa kwa ngozi, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na mtu aliyegongwa nao hataona tofauti kubwa baina yake na jiwe. Warushaji wenye kasi huupeleka kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa na zaidi. Fanya hesabu mwenyewe, nawe utaona ya kuwa mpira wa mwendo huo humfikia mpigaji kwa muda wa nusu sekunde hivi. Katika muda huo hakuna nafasi ya kuona yote, kisha kufikiri, kisha kutenda. Mpigaji huuona mkono wa mrushaji, huona mahali mpira unapoelekea kudunda, na yaliyobaki huyakisia. Hukisia kwamba mpira uliopigwa hapa utapanda mpaka kiunoni, na uliopigwa pale utapanda mpaka kifuani, na mwili wake huwa umekwisha kushika njia hiyo kabla mpira haujainuka.

Ujuzi wake wote, basi, umeegemea juu ya ahadi moja: kwamba ardhi itajibu swali lile lile kwa jibu lile lile. Pichi ya kasi haimtishi sana mpigaji hodari, wala pichi ambayo mpira huzunguka juu yake ukabadili njia. Hizo huzisoma, na akizisoma hujipanga. Limtishalo ni mdundo usio sawa, yaani mpira mmoja kutambaa chini kama nyoka na wa pili, uliodunda shubiri moja tu kutoka pale, kuruka usoni.

Mvuvi wa Gazi au wa Shimoni atalifahamu jambo hili bila ya kufundishwa. Kila siku hupitisha chombo chake karibu na miamba iwezayo kukipasua. Hatari ni kubwa, lakini mwamba haukuhama tangu jana, na mlango wa kupitia baina ya miamba uko pale pale ulipokuwa zamani za baba yake. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba nahodha huyu ni hodari na yule si hodari. Kama miamba ingekuwa ikiogelea usiku na kubadilishana mahali, lisingekuwako neno la unahodha. Wangekuwako waliofika na wasiofika. Ndivyo ilivyo kwa mpigaji. Iko hatari isomekayo na iko hatari isiyosomeka. Ushujaa na ustadi hupimwa katika ya kwanza tu. Aliyetoka salama katika ya pili alibahatika, na kumsifu kwa ushujaa ni kuitukuza bahati nasibu.

Mfano ulio mkubwa wa hatari ya pili ulionekana Jamaika tarehe 29 Januari 1998, katika kiwanja cha Sabina Park mjini Kingston. West Indies na Uingereza walikuwa wakianza mchezo wa siku tano. Pichi ilikuwa imefumuliwa na kutengenezwa upya miezi kadha kabla ya hapo, na uso wake ulikuwa na mawimbi. Warushaji walikuwa Curtly Ambrose na Courtney Walsh, watu warefu, wenye kasi na sifa duniani kote, lakini siku hiyo hawakufanya jambo lo lote wasilolizoea. Walirusha mipira yao ya kila siku, na ardhi ikaifanya mingine isiyo yao. Mmoja uliruka kooni, mwingine ukapita chini ya gongo, na mpira wa aina ile ile ukampiga mpigaji mkononi au begani asijue umetoka wapi. Tabibu wa timu ya Uingereza aliitwa uwanjani mara sita. Baada ya ova kumi na mpira mmoja Uingereza walikuwa na mikimbio 17 na wapigaji watatu wamekwisha kutolewa. Hapo waamuzi, manahodha na msimamizi wa mechi walishauriana, na mchezo ukavunjwa. Haikuwahi kutokea kabla ya siku hiyo mchezo wa kimataifa wa siku tano kuvunjwa kwa sababu ya ubaya wa pichi.

Ni rahisi kusema kwamba Waingereza waliokolewa wasishindwe. Lakini tazama upande wa pili. Kama Ambrose angepata wiketi nane asubuhi ile, zingekuwa za nani? Mrushaji naye hunyang'anywa kitu na pichi ya namna hiyo. Hunyang'anywa umiliki wa kazi yake, kwa sababu hawezi tena kusema, nilitaka mpira ufanye hivi nao ukafanya. Waliouvunja mchezo Sabina Park waliwalinda wapigaji na pia waliilinda heshima ya warushaji, na kwa maoni yangu hili la pili halikupata kusifiwa inavyostahili. Tendo kama lile lilirudiwa mjini Delhi tarehe 27 Desemba 2009, katika mechi ya siku moja baina ya India na Sri Lanka. Sri Lanka walikuwa na mikimbio 83 kwa wiketi tano pale mchezo uliposimamishwa katika ova ya ishirini na nne, na kiwanja kile kikafungiwa mechi za kimataifa kwa muda wa mwaka mmoja.

Sasa nisije nikaonekana kuubebesha udongo makosa yote. Nilisema mpira una wazazi wawili, na mkono nao una mambo yake. Msimu wa 1932 kuingia 1933, nahodha wa Uingereza Douglas Jardine aliwaagiza warushaji wake huko Australia, Harold Larwood akiwa wa mbele, waelekeze mipira mifupi yenye kasi kwenye miili ya wapigaji, huku watu wengi wamesimamishwa karibu upande wa mguu kungojea kudaka. Mbinu hiyo iliitwa Bodyline, na nusura itie fitina baina ya nchi mbili. Pichi hazikuwa na lawama. Makusudi ndiyo yaliyokuwa na lawama. Dawa yake ilitafutwa katika sheria. Waamuzi walipewa nguvu ya kuzuia mashambulio ya namna hiyo, na mwaka 1957 sheria ikaweka mpaka kwamba wadakaji wasizidi wawili nyuma ya mpigaji upande wa mguu. Huo nao ulikuwa ugeuzaji wa mchezo wa jadi, nao ulifanywa na watu ambao hakuna awezaye kuwaita waoga. Wengi wao walikuwa wamecheza vichwa wazi.

Helmeti zilikuja baadaye sana. Katika Kombe la Dunia la kwanza, mwezi wa Juni 1975, wapigaji wawili wa Sri Lanka, Duleep Mendis na Sunil Wettimuny, walipelekwa hospitali mjini London baada ya kupigwa na mipira ya Jeff Thomson wa Australia. Mendis alikuwa amegongwa kichwani. Miaka miwili baada ya hapo Dennis Amiss wa Uingereza aliingia uwanjani amevaa kofia iliyofanana na ya mwendesha pikipiki, akachekwa. Kicheko hakikudumu, na mwisho wa miaka ya 1980 wapigaji waliobaki vichwa wazi mbele ya mipira ya kasi walikuwa wa kuhesabika. Nadhani wale waliocheka walikosea jambo moja la msingi: waliona kofia kama tangazo la hofu, hali ilikuwa ni kifaa cha kazi. Mkwezi wa mnazi ajifungaye kamba haendi juu kwa sababu ya kamba. Huenda juu kwa sababu ya mikono na miguu yake. Kamba ni ya siku ile moja.

Hata hivyo kifaa kina mipaka yake, na hapa yampasa mhakiki kuwa mkweli. Tarehe 25 Novemba 2014, katika kiwanja cha Sydney, Phillip Hughes wa Australia aligongwa shingoni, chini ya helmeti aliyokuwa ameivaa, akafariki dunia siku mbili baadaye kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita. Mpira ule ulikuwa halali, wala uchunguzi uliofuata haukumlaumu mtu ye yote. Tokea hapo kinga ya shingo imeongezwa nyuma ya helmeti, na mwaka 2019 ikaruhusiwa katika mechi za kimataifa mchezaji aliyetikiswa ubongo aondoke na mwingine aingie kucheza mahali pake. Kwa hiyo pichi njema haiondoi hatari yote, wala kofia haiondoi. Mchezo huu umebaki na hatari ndani yake, na atakayewaambia wazazi wa Ukunda kwamba hauna hatari atakuwa amewadanganya.

Katika sheria za mchezo kuna kifungu ambacho nakipenda kwa sababu ya akili iliyomo ndani yake. Mwamuzi anapoamua kama mipira mifupi ya mrushaji ni ya hatari, hutazama kasi yake, urefu wake, mwelekeo wake na ustadi wa mpigaji aliye mbele yake. Lakini ameamriwa asizitie katika hesabu zile kinga alizovaa mpigaji. Fikiri maana yake. Helmeti haimpi mrushaji ruhusa ya kumlenga mtu kichwa. Mpigaji dhaifu, wa mwisho katika orodha, haulizwi kwa ukali ule ule aulizwao bingwa. Wanaosema kwamba kinga zimeufanya mchezo kuwa wa kitoto hawajakisoma kifungu hicho, au wamekisoma na kukipita.

Je, wapenzi wa zamani hawana haki hata kidogo? Wanayo, nayo iko katika suala la kufunika pichi. Huko Uingereza pichi ziliachwa wazi miaka mingi, mvua ikanyesha juu yake, jua likazikausha nusu nusu, na mpira ukafanya maajabu. Walikuwako wapigaji waliojifunza kucheza juu ya udongo wa namna hiyo: mikono laini, macho mpaka dakika ya mwisho, subira ya mtu avuaye kwa mshipi. Ilipofika miaka ya 1980 pichi zote kubwa zilikuwa zikifunikwa, na elimu ile imekufa pamoja na waliokuwa nayo. Hiyo ni hasara ya kweli. Mimi nisingeirudisha mvua juu ya pichi ili kuifufua elimu hiyo, lakini simcheki anayeililia.

Wana haki pia wanaposema kwamba zipo pichi za leo zilizokufa kabisa. Udongo umeshindiliwa na kunyolewa mpaka hautoi cho chote kwa mrushaji. Mipaka ya kiwanja imevutwa karibu. Na watu hulipa kiingilio waone mpira ukiruka juu ya ukuta. Hapo usalama si hoja tena, maana hakuna aliyekuwa hatarini. Ni biashara imejivika nguo za usalama. Kosa hili ni ndugu wa kosa la Sabina Park, ingawa sura zao hazifanani: kule ardhi ilisema uwongo, na huku imetiwa kitambaa kinywani.

Twaweza kuupima mzani huu bila kutoka Kenya. Tarehe 4 Oktoba 1996, katika kiwanja cha Gymkhana mjini Nairobi, kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi alifikisha mikimbio mia kwa mipira 37 tu dhidi ya Sri Lanka, jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika mechi za siku moja za kimataifa, na rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi na saba. Pakistan walipata 371, Sri Lanka wakajibu kwa 289. Waliokuwako waliona ajabu. Katika kiwanja hicho hicho, tarehe 24 Februari 2003, Kenya ilicheza na Sri Lanka hao hao katika Kombe la Dunia. Kenya ilipata 210, jumla isiyomtisha mtu. Kisha Collins Obuya, mrushaji wa mipira ya polepole izungukayo, akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24, Sri Lanka wakaishia 157, na Kenya ikasonga mbele mpaka nusu fainali. Ukiniuliza ni mechi ipi iliyo bora, nitaichagua ya pili bila ya kusita, wala si kwa uzalendo peke yake. Katika ile ya kwanza swali moja liliulizwa na kujibiwa mara nyingi: mpira utaanguka wapi? Katika ya pili kila ova ilikuwa na swali lake. Nakisifu kiwanja kilichoweza kuyabeba yote mawili, kikampa mpigaji siku yake na mrushaji siku yake.

Juma chache baada ya ushindi huo mtu wa pwani yetu alitoa ushahidi ulio mzuri kuliko huo. Asif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, aliwarushia mabingwa wa dunia Australia mjini Durban ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu, ya nahodha Ricky Ponting ikiwa mojawapo. Kenya ilishindwa siku ile, lakini Australia walihangaika. Mipira ya Karim haikuwa na kasi ya kumtisha hata mtoto. Hapakuwa na damu, hapakuwa na tabibu aliyekimbia uwanjani, na bado watu walishika vichwa. Wanaodai kwamba bila ya hofu ya kuumia mchezo huu hauna utamu waeleze walichokiona Durban.

Hebu sasa tushuke kwetu. Kwa miaka mingi mechi za kriketi katika Kenya zilichezwa juu ya jamvi lililotandikwa juu ya ardhi ngumu. Kuna watu wanaolidharau jamvi, wakaliona kama badala ya kimaskini ya pichi ya majani. Historia haikubaliani nao. Mwezi wa Oktoba 1956 Australia walicheza na Pakistan mjini Karachi juu ya jamvi. Walitolewa wote kwa mikimbio 80, na siku nzima ya kwanza, timu zote mbili pamoja, ikazaa mikimbio 95. Fazal Mahmood alichukua wiketi 13 kwa 114 katika mechi ile. Mpira ulikuwa ukikata njia baada ya kudunda, na kazi ya mpigaji ilikuwa ngumu mno. Lakini jamvi lililovutwa vizuri, juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, halimvizii mtu. Mdundo wake ni ule ule asubuhi na jioni. Ni gumu, nalo lasomeka.

Na jamvi lenyewe la jadi limefumwa kwa nini? Kwa usumba. Wasomaji wa Msambweni hawahitaji kuelezwa. Makumbi ya nazi huzikwa katika tope la ufuoni kwa miezi, hufukuliwa, hupondwa, na nyuzi zake husokotwa kamba. Katika jimbo la Kerala nchini India, nchi ya minazi kama yetu, ufumaji wa usumba ni kazi mashuhuri, na majamvi yake hufika mbali. Nchi ya Kwale imejaa minazi, na sehemu kubwa ya makumbi yetu huishia jikoni chini ya sufuria. Sidai kwamba kesho tutafuma majamvi ya kriketi. Ufumaji huo wataka ustadi na mitambo. Nasema tu kwamba mtu wa pwani ya kusini asilitazame jamvi kama kitu kigeni.

Udongo wetu ndio mgumu wa kusemezana nao. Pichi ya majani hutaka udongo wa mfinyanzi, ushikanao ukikauka na kukubali kushindiliwa na rola. Kuanzia Tiwi mpaka Diani tumeketi juu ya matumbawe, na juu yake mchanga. Mchanga haushikani hata ukiubembeleza mwaka mzima, na matumbawe hutokeza meno yake baada ya kila mvua kubwa. Ukipanda kuelekea Shimba Hills wakuta udongo mwekundu wenye mchanga mwingi. Mfinyanzi wa kufaa uko mabondeni, panapolimwa mpunga, na hakuna mwalimu mwenye haya atakayemwomba mama mmoja bonde lake la mpunga ili watoto wacheze. Zaidi ya hayo masika hutujia kwa nguvu kuanzia Aprili, na pichi ya majani isiyo na mtunzaji wa kudumu huwa shamba la magugu kabla ya kipupwe. Kwa hiyo naona kwamba kwetu jamvi ndilo njia, la usumba au la plastiki, juu ya ukanda wa saruji au wa kifusi kilichoshindiliwa hasa. Saruji ina mdundo wa juu kidogo, lakini mdundo wake ni wa haki.

Lililo muhimu kwa shule ni mpango wa matumizi ya fedha, na hapa sina upole. Shule nyingi zikipata mchezo mpya hununua kwanza vile vinavyong'aa: magongo, mpira wa ngozi mwekundu, fulana zenye jina. Ardhi huachwa iwe vile vile ilivyokuwa ilipokuwa malisho ya mbuzi. Mpira wa ngozi juu ya ardhi ya namna hiyo, mbele ya mtoto wa kidato cha kwanza asiye na helmeti, ni Sabina Park bila ya tabibu wa kukimbia mara sita. Meno na macho ya mtoto hayana akiba. Ningetaka fedha ya kwanza iende katika ukanda na jamvi, ya pili katika helmeti, pedi na glavu, na mpira wa ngozi uje mwisho. Katika muda wa kungojea, mpira wa tenisi hutosha. Mkono hujifunza kwa huo, jicho hujifunza, na anayegongwa husugua bega na kuendelea.

Mwanafunzi atakayepewa kazi ya kutandika jamvi asidhani amepewa kazi ya mtumishi. Yeye ndiye mhakiki wa kwanza wa mechi. Alivute mpaka lisiwe na mkunjo, apigilie vigingi pande zote, kisha achukue ufito uliotiwa alama kimo cha kifua chake na aangushe mpira kutoka alama hiyo mahali ishirini, upande huu na upande huu, akitazama unarudi juu mpaka wapi. Panapokuwa na mahali ambapo mpira hurudi chini kuliko pengine, au huruka upande, asikubali kuambiwa kwamba si kitu. Ang'oe vigingi, akunje jamvi, apapase chini yake kwa kiganja. Aghalabu atakuta kijiwe cha tumbawe kisichozidi kokwa ya ukwaju.